Bendi Iliyoitwa Kifo

Mwaka 1975 vijana watatu weusi wa Detroit, ndugu wa baba mmoja mama mmoja, waliingia studio wakarekodi nyimbo saba za roki kali kuliko karibu kila kitu kilichokuwa kikipigwa redioni mwaka huo. Bendi yao iliitwa Death. Kifo. Albamu yenye nyimbo hizo saba ilitoka mwaka 2009.

Miaka 34. Mtoto aliyezaliwa siku ya kurekodi angekuwa ameshaoa, ameshazaa, pengine ameshaanza kulalamikia muziki wa vijana wa siku hizi.

Nimeisikiliza albamu hiyo, ...For the Whole World to See, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nimesoma na kutazama karibu kila simulizi iliyonifikia kuhusu ndugu hao. Simulizi zote zinakwenda kwa njia moja: walikuwa na kipaji, tajiri akawataka wabadilishe jina, wakakataa, wakasahaulika, halafu dunia ikaja kuwaomba radhi. Ni hadithi tamu. Utamu wake ndio unaonitia wasiwasi, kwa hiyo leo nataka tuitazame taratibu, jina na santuri yenyewe, maana naona ndani yake kuna mambo mawili tofauti yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja.

Tuanze na watu. David Hackney alikuwa mkubwa wa hao watatu, mpiga gitaa na mtunzi. Bobby alipiga besi na kuimba. Dannis alikuwa kwenye dramu. Walilelewa katika familia ya kanisani, upande wa mashariki wa Detroit. Wenyewe wanasimulia jinsi baba yao, mzee Earl, alivyowaketisha mbele ya televisheni mwaka 1964 wawaone The Beatles kwenye kipindi cha Ed Sullivan, na kwamba kwa David siku ile ndiyo iliyofungua kila kitu. Miaka ya mwanzo ya 1970 wakaanza kupiga pamoja nyumbani kwao, na walipiga kile ambacho vijana weusi wa mji ule walitarajiwa kupiga, yaani fanki. Bendi ilikuwa na jina refu kama treni: Rock Fire Funk Express.

Kisha wakaenda kwenye maonyesho ya The Who na ya Alice Cooper, na fanki ikaisha. Walirudi nyumbani na roki.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu mji, kwa sababu bila Detroit hadithi hii haieleweki. Kwanza kabisa ni mji wa Motown, kampuni iliyowafundisha Wamarekani wa rangi zote kucheza pamoja. Lakini mwaka 1967 Detroit iliwaka moto kwa siku kadhaa, watu 43 wakapoteza maisha, na mwaka 1972 Motown ilifungasha virago ikahamia Los Angeles. Wakati huohuo mji huo ulikuwa na mkondo mwingine wa muziki, wa vijana weupe waliopiga gitaa kama wanaopasua magogo. MC5 walirekodi albamu yao ya kwanza mbele ya hadhira kwenye ukumbi wa Grande Ballroom mwaka 1968. The Stooges wakafuata mwaka 1969. Mwaka huohuo wa 1969 mji ukazaa jarida la Creem, ambalo waandishi wake walikuwa wakilitumia neno punk kuelezea muziki mapema tangu 1971. Sisi wengine neno panki tulilifahamu kinyozini kwanza, kabla hatujajua kwamba ule mtindo wa nywele ulikuja na muziki nyuma yake.

Kwa hiyo ndugu wa Hackney hawakuanguka kutoka mwezini. Kelele zilikuwepo jirani. Kilichokuwa kigeni ni wao kuzipiga. Majirani weusi walitarajia soul, na kwenye kumbi za roki waliojaa walikuwa weupe. Bobby na Dannis wamesimulia mara nyingi jinsi walivyoambiwa kwamba wanapiga muziki wa wazungu. Huo ni mlango wa kwanza uliofungwa, na naomba uukumbuke, maana ulifungwa kabla jina Death halijatamkwa na mtu yeyote.

Jina lilikuja na msiba. Mzee Earl aliuawa katika ajali iliyosababishwa na dereva mlevi. David, ambaye alikuwa mtu wa kuitafuta maana ya kiroho katika kila kitu, alitoka kwenye msiba ule na wazo ambalo nduguze walilipokea kwa shida. Alitaka bendi iitwe Death. Maelezo yake, kama walivyoyasimulia wao baadaye, yalikuwa kwamba kifo kinaogopwa bure, kwamba ni safari kama kuzaliwa kulivyo safari, na kwamba neno lile linaweza kugeuzwa kutoka upande wa giza likatazama mwanga. Akabuni na nembo: pembetatu ya duara tatu, moja ya roho, moja ya akili, moja ya mwili, na juu yake duara la nne, la Mungu anayeongoza.

Sasa msomaji wa Kiswahili, jaribu kulibeba wazo hilo kwa lugha yetu uone uzito wake. Sisi hata mtu akifa hatusemi amekufa. Tunasema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki, amelala. Aliyekufa ni kuku, tena wa jirani. Tuna watu wanaitwa Shida, Tabu, Mashaka, Matatizo, na hakuna anayeshangaa, kwa kuwa wazazi waliandika historia ya nyumba kwenye jina la mtoto. Lakini hebu fikiria tangazo la dansi la miaka ileile ya 1970 limebandikwa ukutani Kariakoo: Jumamosi hii, Kifo Jazz Band, kiingilio mlangoni. Nani angekwenda? Baba yangu asingekwenda. Nadhani hata mimi ningetafuta sababu ya kubaki nyumbani.

Kiingereza cha Marekani hakina haya nyingi hivyo, lakini mfanyabiashara wa santuri ni yuleyule popote. Na hapo ndipo tunapofika studio.

Inasemekana David aliichagua kampuni ya kuipelekea muziki wao kwa kurusha kishale kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Kishale kilitua Groovesville, kampuni ya Don Davis. Kwa kubahatisha, alilenga vizuri mno. Don Davis alikuwa mtayarishaji mkubwa wa muziki wa soul, mtu aliyemtengenezea Johnnie Taylor wimbo uliotamba mwaka 1968, Who's Making Love. Studio waliyoingia, United Sound Systems, ndiyo ile ambamo John Lee Hooker alirekodi Boogie Chillen' mwaka 1948. Fundi mitambo alikuwa Jim Vitti. Mpango ulikuwa kurekodi nyimbo kumi na mbili.

Don Davis akampelekea kazi hiyo Clive Davis, mmoja wa wakubwa wa biashara ya santuri Marekani. Majina yao yanafanana lakini si ndugu. Clive aliupenda muziki. Hili ni muhimu, kwa sababu maana yake ni kwamba sikio moja kubwa katika biashara ile lilisikia na likataka. Akaweka sharti moja: jina libadilishwe.

David akakataa.

Bobby na Dannis wamesema hadharani kwamba uamuzi ule haukuwa mwepesi kwao. Walikuwa vijana, hawana kitu mfukoni, na mbele yao kulikuwa na mkataba. Lakini walikuwa wamelelewa kwamba ndugu anaungwa mkono, wakamwunga. Mazungumzo yakafa. Kurekodi kukasimama kwenye nyimbo saba, na nyimbo tano za mpango ule hazikurekodiwa. Ndugu wakaondoka na kanda zao, na hilo pia tulishukuru, kwa sababu wasanii wengi wa wakati ule waliondoka studio mikono mitupu na kazi yao ikabaki mali ya mwingine.

Mwaka 1976 wakajifanyia wenyewe. Walianzisha lebo, wakaiita Tryangle, wakatengenezesha santuri ndogo ya nyimbo mbili: Politicians in My Eyes upande mmoja, Keep on Knocking upande wa pili. Nakala 500.

Wacha nikuwekee tarakimu nyingine pembeni ya hizo 500. Mwaka huohuo wa 1976, Don Davis yuleyule alimtayarishia Johnnie Taylor wimbo uitwao Disco Lady. Ulikuwa wimbo wa kwanza katika historia kupewa cheti cha platinamu, kipimo kilichoanzishwa mwaka huo kwa santuri ndogo zilizouzwa nakala milioni 2. Mtayarishaji mmoja, mji mmoja, mwaka mmoja: milioni mbili upande huu, mia tano upande ule. Soko lilikuwa limeamua linataka nini kutoka kwa mtu mweusi wa Detroit, na lilikuwa disko.

Hapa ndipo ninapotofautiana na hadithi tamu. Tunapenda kusema Death walisahaulika kwa sababu ya jina. Ni kweli jina liliua mkataba wa Clive Davis, sina ubishi. Lakini santuri ya 1976 ilikwenda redioni bila Clive Davis, ikiwa na wimbo kuhusu wanasiasa na vijana wanaokufa kwa maamuzi yao, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye vita ya Vietnam na kujiuzulu kwa Nixon. Wakati gani ungefaa zaidi? Na bado haikwenda popote. Stesheni za Marekani zilikuwa zimegawanywa kama viti vya basi la zamani: hizi za muziki wa weusi, hizi za roki, na kila mmoja alijua nani anakaa wapi. Stesheni za weusi hazikuwa na nafasi ya magitaa yale. Za roki hazikuwa na nafasi ya sura zile. Jina lilikuwa kisingizio kizuri kwa mtu aliyekuwa ameshakataa. Bendi hiyohiyo ingeitwa Maua, nadhani ingepata mkataba, na ningeweka dau kwamba ingehangaika vilevile. Ndiyo maana naona tumembebesha David mzigo mkubwa mno. Ukisema jina ndilo lililowaangusha, kosa linakuwa lake. Ukitazama rafu za duka la santuri za 1976, unaona hapakuwa na rafu ya kuwaweka.

Tuache hesabu, tusikilize.

Albamu nzima haifiki nusu saa. Inaanza na Keep on Knocking, na katika sekunde chache unaelewa mgawanyo wa kazi: gitaa la David linajaza chumba chote, besi ya Bobby haikai chini kumsindikiza bali inakimbizana naye, na Dannis anapiga dramu kama mtu anayeshuka ngazi mbili mbili. Bado unasikia fanki. Hilo ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote, kwamba hawakuitupa fanki yao walipohamia kwenye roki, waliificha miguuni. Bendi nyingi za panki zilizokuja baadaye zinakwenda mbio lakini hazichezeki. Hizi zinachezeka.

Rock-N-Roll Victim na You're a Prisoner ni fupi, kali, zinaisha kabla hujakaa sawa. Freakin Out ni hivyohivyo. Ukimpigia mtu Freakin Out bila kumwambia mwaka, atakuambia 1979, pengine 1980, na atakuwa na uhakika. Lakini sipendi jinsi watu wanavyozing'ang'ania nyimbo hizo fupi tu ili kuthibitisha kwamba Death walitangulia. Katikati ya albamu kuna Let the World Turn, ya karibu dakika sita, inayoanza kwa upole kama mtu anayesali peke yake, kisha inalipuka, kisha Dannis anaachiwa uwanja apige dramu peke yake. Panki haina subira ya namna hiyo. Huo ni wimbo wa mtu aliyesikiliza The Who kwa makini na ambaye bado anamlilia baba yake. Mimi nikisikiliza mwanzo wa wimbo ule ndipo ninapoelewa jina la bendi. Sioni vitisho ndani yake, wala fuvu la kichwa, wala mchezo wa kushtua wazazi. Ni sauti ya mtu aliyekaa na msiba hadi akauzoea.

Politicians in My Eyes inafunga. Besi inakimbia tangu mwanzo, sauti ya Bobby imekunjwa kwa hasira, lakini wimbo una vituo, unapumua, unarudi. Karibu dakika sita pia. Kama ningelazimika kumpigia mtu wimbo mmoja tu, ningempigia huu.

Je, walikuwa wa kwanza? Swali hili limewalisha waandishi wa muziki kwa miaka. Ramones walitoa albamu yao ya kwanza Aprili 1976. Sex Pistols walitoa santuri yao ya kwanza Novemba mwaka huohuo. Death walikuwa wamerekodi 1975. Ukipenda mbio za tarehe, wameshinda. Lakini MC5 na Stooges walikuwa wameshapita mtaani hapohapo, na zaidi ya yote, hakuna aliyewasikia Death ili awaige. Ramones hawakutoka kwao. Bad Brains wa Washington, vijana weusi wengine walioichukua panki mwishoni mwa miaka ya 1970, hawakutoka kwao. Mto uliokauka kabla ya kufika baharini hauwezi kuitwa chanzo cha bahari. Naona kuwaita wa kwanza ni namna ya kuwapa cheo bila kuwasikiliza, kama tunavyompa mzee kiti cha mbele harusini halafu hakuna anayezungumza naye.

Mwaka 1977 Death ilikwisha. Ndugu walihamia Burlington, Vermont, jimbo dogo la baridi na la watu weupe tupu, wakaanza kupiga roki ya injili kwa jina The 4th Movement. Walitoa albamu mbili, 1980 na 1982. David akashindwa kukaa, akarudi Detroit. Bobby na Dannis wakabaki Vermont, wakaoa, wakazaa, wakaanzisha bendi ya rege iitwayo Lambsbread, wakajulikana kwa hiyo. Watoto wao walikua wakijua baba zao ni watu wa rege. Kanda za Detroit zilikaa ndani ya nyumba bila kutajwa.

David alifariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Muda mfupi kabla ya hapo alimkabidhi Bobby kanda zile azitunze, akimwambia kwamba siku moja dunia itakuja kuzitafuta na wewe ndiye utakayekuwa nazo. Nimelisikia simulizi hilo kutoka kwa Bobby mwenyewe katika filamu ya A Band Called Death ya mwaka 2012, na sijui mtu anayeweza kulisikiliza akabaki macho makavu. Ila nakiri sehemu yangu ya kimwandishi inauliza: je, maneno hayo tungeyakumbuka kama dunia isingekuja? Ndugu wangapi wamekufa wakisema maneno hayohayo, na kanda zao zikaliwa na mchwa?

Dunia ilikuja kwa mlango usiotarajiwa, nao ni mlango wa wakusanyaji.

Kama hujawahi kukutana na mkusanyaji wa santuri, ni kiumbe wa peke yake. Hatafuti wimbo uliopendwa. Anatafuta uliopotea. Kwake santuri iliyouzwa milioni haina thamani, inapatikana kwenye sanduku la takataka kila mji. Anataka ile iliyotengenezwa mia tano, ikasambazwa kwa mkono, ikatupwa, zikabaki chache. Nimewaona wa namna hiyo Kenyatta Market, Nairobi, wageni kwa wenyeji, wamepiga magoti mbele ya rundo la santuri za benga wakizigeuza moja moja, wakipuliza vumbi, wakisoma maandishi madogo ya katikati kana kwamba ni hati ya shamba. Bei ya santuri kwao hupanda kwa kadiri ilivyoshindwa. Ukifikiria, ni jambo la kikatili kidogo. Zile 500 za Tryangle zilikuwa 500 kwa sababu ndugu watatu hawakuwa na fedha za 5,000, na wakusanyaji wakaanza kulipa mamia ya dola kwa nakala moja kwa sababu hiyohiyo. Ndugu hawakupata hata senti katika mamia hayo. Santuri kuukuu ikibadilisha mikono, mwanamuziki hayumo kwenye hesabu.

Lakini bila wazimu wao tusingekuwa na hadithi. Wakusanyaji walizipiga nyimbo zile mbili kwenye sherehe, wakaziweka mtandaoni. Na mwaka 2008, kwenye sherehe moja San Francisco, kijana aitwaye Julian Hackney alisikia sauti ikitoka kwenye spika na akaitambua. Ilikuwa sauti ya baba yake. Alimpigia simu Bobby kumwuliza ni nini hiki, na ndivyo watoto walivyojua. Julian na nduguze wakaunda bendi ya kuzipiga nyimbo za Death, wakaiita Rough Francis, jina ambalo ami yao David alilitumia miaka yake ya mwisho. Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Drag City, lebo ya Chicago, ilichukua kanda na kutoa albamu Februari 2009. Machi gazeti la New York Times likaandika makala ndefu. Bobby na Dannis wakarudi jukwaani kama Death, na Bobbie Duncan, mpiga gitaa wa Lambsbread, akasimama mahali pa David. Mwaka 2015 walitoa albamu mpya.

Kuhusu jina, kuna kejeli moja ambayo sioni ikisemwa sana. Mwaka 2009 jina Death ndilo lililouza. Makala zote zilianzia hapo, filamu ikalibeba kwenye kichwa chake, na mimi mwenyewe, kama umeona, nimelianzia hapo. Lile ambalo Clive Davis aliona litamfukuza mnunuzi ndilo lililomvuta. David angecheka, au pengine angekasirika, kwa kuwa wengi wetu tulilipenda jina kwa sababu linatisha, wakati yeye alitaka liache kutisha.

Basi, kama utaipata albamu yenyewe, iwe santuri ya Drag City au faili la simu, tazama mpangilio wa nyimbo. Keep on Knocking iko mwanzoni na Politicians in My Eyes iko mwisho kabisa. Ni zile mbili za santuri ya 1976, zile ambazo wakusanyaji walizipigania. Tano za katikati hazikuwahi kuwa kwenye nakala yoyote, hazikuwahi kuuzwa wala kubadilishwa, na Let the World Turn ni mojawapo. Ilikaa Vermont ndani ya boksi.